Siku Bi Zaituni Alipokula Mchana

Harufu ndiyo iliyonishika kwanza, chakula kilikuja baadaye. Ilikuwa harufu ya sukari inayoungulia kwenye mafuta, na vitunguu ndani yake. Nimekaa kwenye hoteli ndogo ya Waindonesia hapa Toronto, koti zito bado mwilini, glavu moja mkononi na ya pili sijui nimeiangusha kwenye basi gani, na mbele yangu mjukuu wangu Neema ameinamia simu yake. Neema anafanya kazi kwenye ghala la mizigo karibu na uwanja wa ndege, kule Malton tunakoishi, na zamu zake mimi nimeshindwa kuzishika kichwani. Siku hiyo alikuwa na mapumziko. Akaniambia Bibi leo nakutoa. Nikamwambia unitoe uende nami wapi, theluji yote hii, na goti langu hili? Lakini nilikwenda. Mjukuu akikwambia anakutoa, wewe nenda, maana siku hizi wana mambo mengi na hawasemi mara mbili.

Hoteli yenyewe ina meza sita na vitambaa vya plastiki. Jiko liko palepale, unamwona anayepika. Mwenye hoteli ni mama mmoja mfupi wa miaka sitini na kitu, kitambaa kichwani, mikono myepesi kama ya mtu anayekuna nazi. Neema anamwita Ibu, nikaambiwa ndivyo kwao wanavyomwita mama mtu mzima kwa heshima. Basi Ibu akachukua koleo akazinyanyua tambi kutoka kwenye sufuria, ndefu, nyeupe, hazijaguswa bado na ule mchuzi wao mweusi mtamu, akaziacha zining'inie zichuruzike maji. Mimi nikajikuta nimesema kwa sauti, "Mkonge!"

Neema akainua kichwa. "Nini, Bibi?"

"Si kitu. Endelea na simu yako."

Sahani ikaja, tambi zimekaangwa, zina rangi ya kahawia, yai juu. Wanaziita mi goreng. Ibu akasimama pembeni yetu, mikono kwenye aproni, akamuuliza Neema kitu. Neema akaonja akatikisa kichwa kukubali. Nikauliza anasemaje. Neema akaniambia anauliza kama chumvi imekolea, maana yeye hajaonja, amefunga, ni Ramadhani.

Neema Kiswahili anakielewa chote, hata cha kusengenyana, ila kujibu anajibu Kiingereza. Mimi Kiingereza nakisikia kama mvua ya bati, najua inanyesha ila sijui inasema nini. Nisipomwelewa ninamkazia macho, ndipo anatafuta maneno yake ya Kiswahili moja moja. Hapa nitayaandika yote kwa Kiswahili, tusichoshane.

Nikamwambia, "Mwambie akae ale na sisi kidogo. Si mwanamke? Wanawake wana siku zao za kula."

"Bibi! Siwezi kumuuliza mtu hivyo."

"Uliza. Sisi ni watu wazima, aibu ni yako wewe."

Akauliza, masikio yamemwiva. Yule mama akacheka mpaka akashika kiti. Akajibu maneno marefu. Neema akatafsiri akiangalia meza: anasema siku hizo zilimuaga zamani sana, tangu kitinda mimba wake akiwa bado shule. Sasa hana likizo. Thelathini ni thelathini, kila siku, mpaka Mungu amchukue.

Tukacheka wote watatu. Halafu uma wangu ukabaki njiani. Maana nilimkumbuka Bi Zaituni, na nywele zake nyeupe pe, na meno yake mawili ya chini, na neno aliloniambia mchana mmoja wa Ramadhani: "Leo mimi sifungi." Umri wangu wote huu nilikuwa nimeliweka neno lile mahali pake na kulifunika. Nilipokuwa msichana mkubwa, nikaishi Tanga mjini na Waislamu nyumba moja, nikajifunza kwamba mwanamke akiwa kwenye siku zake hafungi, basi nikajisemea, ahaa, ndiyo maana Bi Zaituni alikula siku ile. Nikalala usingizi. Sikufikiri hata mara moja kwamba Bi Zaituni alikuwa bibi kizee.

Sasa niwaeleze. Wenzangu mliokula chumvi kama mimi mtanivumilia, nimesoma mpaka darasa la tatu tu na huwa natoka njiani.

Tulikuwa tunakaa shamba la mkonge, upande wa Tanga. Baba yangu alitoka kwao Ubena akiwa manamba, yaani kibarua wa mkataba, akapewa chumba kambini, akamleta mama, nikazaliwa mimi. Mkonge mnaujua? Majani makali yana mwiba kwenye ncha. Baba alitoka alfajiri kuyakata. Yanapelekwa kwenye mashine, tuliita korona, inayasaga nyama yote inatoka, inabaki nyuzi, ndizo singa. Singa zinaoshwa zinaanikwa kwenye nyaya, uwanja mkubwa, safu kwa safu, nyeupe mpaka macho yanauma. Na harufu, msiniulize. Maji machafu ya korona yananuka kama kitu kilichochachia ndani ya kiatu. Ukikulia pale huisikii. Siku ukitoka ukarudi, ndipo unaisikia, na unaipenda.

Sheria ya shamba ilikuwa moja ambayo hata sisi watoto tuliijua: singa ni za kampuni. Usichukue hata uzi wa kufungia kuni. Nyapara akikukuta unafungasha vyako unaondoka kambini siku hiyohiyo. Na utomvu wa mkonge unawasha, ukikugusa mkononi unajikuna mpaka kesho. Yashikeni hayo mawili.

Chumba cha pili kutoka chetu kilikuwa cha Bi Zaituni. Mtu wa Pangani, mjane, mumewe aliwahi kuwa fundi wa korona, na walipomzika kampuni ikamwacha bibi akae pale kwa sababu alikuwa anawapikia wageni wa ofisini. Uani kwake amezungusha makuti. Alikuwa na mabata saba wakorofi. Na alikuwa mkali! Ukipita bila kumwamkia anakuita jina la baba yako. "Wewe binti wa Mbena! Shikamoo imekukwama kooni?"

Mama yangu alikuwa anakohoa. Alikohoa kwa muda mrefu mpaka mimi nikadhani ndivyo mama walivyo, kwamba kila mama ana kikohozi chake. Kisha siku moja lori la shamba likaja mpaka mlangoni, wakampandisha mbele pamoja na dereva, akajifunga khanga mdomoni, hakunibusu. Sikuelewa kwa nini hakunibusu. Sasa najua ilikuwa kifua, na kwamba walimkataza asinisogelee, ila wakati ule nilijua nimekosa kitu. Nikamuuliza baba mama anakwenda wapi. Akasema, "Kupumzika." Nikamuuliza atarudi lini. Baba alikuwa mtu asiyesema uongo na asiyesema ukweli wote pia. Akasema, "Akirudi utamwona."

Watoto hawakuruhusiwa kwenda ile hospitali. Baba alikwenda Jumapili moja moja, akarudi kimya. Ugali alipika yeye, una madonge, tunakula tunaangaliana.

Mimi nilikuwa na miaka sita, meno ya mbele sina. Na nilikuwa na jambo nililoliona kwa macho yangu mwaka uliotangulia. Bi Zaituni alikuwa na mwana mmoja, Shomari, kibarua wa bandarini Mombasa, hajaonekana miaka miwili. Ramadhani ile Bi Zaituni alifunga, na siku ya kuamkia Idi, Shomari akashuka kwenye lori na sanduku la bati kichwani. Wanawake wakapiga vigelegele kambi nzima. Wakawa wanasema, "Bi Zaituni, saumu yako imekubaliwa! Imekubaliwa hiyo!" Mimi nikaliweka hilo. Nikaelewa kwamba kufunga ni kazi, kama kukata mkonge. Unafanya siku zako zote, na mwisho unaletewa mtu wako. Na nikashangaa kwa nini baba hafungi, ilhali mtu wetu ndiye aliyepotea.

Basi Ramadhani ilipokuja tena, nikafunga mimi.

Sikumwambia mtu. Chakula alichoniachia baba, ugali wa jana na maharage kwenye bakuli, niliwamwagia mabata wa Bi Zaituni kupitia tundu la makuti. Wale mabata walinenepa Ramadhani ile mpaka watu wakauliza. Maji sikunywa. Hata mate sikumeza, maana nilimsikia mtoto mmoja wa Kidigo akisema ukimeza mate imevunjika, kwa hiyo nilitema mchana kutwa, kila mahali, baba akadhani nina minyoo. Daku sikujua kama ipo. Jioni nilikula madonge mawili matatu na baba, yeye akasinzia na tonge mkononi kwa uchovu, hakuona kitu. Simlaumu. Alikuwa anakata mkonge na kuishika nyumba na kumwogopea mkewe, yote kwa mikono miwili.

Siku hizohizo, nikiwapelekea mabata ugali wao, nikachungulia uani nikaona jambo la kunitisha. Bi Zaituni amefunga waya kutoka mti hadi mti, na kwenye waya ameanika singa. Nyeupe, nyembamba, zinaning'inia safu moja vilevile kama uwanjani. Bi Zaituni anaiba mkonge wa kampuni! Baadaye nikamwona amezitoa, anazikatakata, anazitia kwenye kopo. Anaziweka kwenye kopo la jikoni. Nikajua anazila. Mtu mzima yule na adabu zake zote za kutudai shikamoo, anaiba mkonge na kuula. Nikaamua sitasema kwa mtu, asije akafukuzwa.

Zilikuwa tambi, bila shaka mmeshajua. Alikuwa na kidude cha shaba chenye mpini wa kuzungusha na matundu chini, urithi wa mama yake, anatia kinyunga kinatoka nyuzi, anazikausha kwa ajili ya Idi. Lakini sisi Wabena kwetu tambi hatukuwa nazo. Kitu pekee cheupe chembamba kinachoanikwa kwenye waya nilichokijua duniani kilikuwa mkonge.

Siku ya sita au ya saba nikaanguka bombani. Nakumbuka ndoo ikigonga saruji na kisha sauti ya Bi Zaituni, "Mtoto wa Mbena huyo! Mnatazama nini, nipeni!" Akanibeba mgongoni yeye mwenyewe, na mifupa yake ile. Akanilaza kwenye mkeka chumbani kwake. Akaleta maji, nikafumba mdomo. Akaleta uji, nikageuza uso ukutani.

"Una nini? Fungua mdomo."

"Nimefunga."

"Umefunga nini, tumbo?"

"Saumu."

Akacheka. "Nani kakufundisha mambo hayo? Baba yako anajua? Ninyi si watu wa kanisani?"

"Namfungia mama. Ili arudi. Kama ulivyomfungia Shomari."

Hapo kicheko kikamwisha. Akakaa chini kwenye mkeka taratibu, akashika mguu wangu. Mguu tu, kwenye kifundo, kama anapima unene wake.

Akasema, "Siku ngapi?"

"Zote."

"Ndiyo maana mabata wangu." Akapangusa uso kwa khanga. "Sikiliza mama. Mtoto akifunga, hata mpaka saa nne, anaandikiwa kamili. Wewe yako imetosha na imezidi. Kula."

"Nikila hatarudi."

"Ukifa atarudi kwa nani?"

Hilo lilinigusa kidogo. Akaliona. Akainuka akawasha moto, na baada ya muda chumba kikajaa harufu hiyohiyo niliyoisikia kwenye hoteli hapa Toronto, sukari inaungulia kwenye mafuta, na kwake yeye iliki na tui la nazi. Akaniletea sahani ya bati. Nikaangalia. Nyuzi za kahawia zimejikunja zinang'aa.

Nikaanza kulia. "Sitaki! Ni mkonge wa kampuni!"

"Ni nini?"

"Mkonge! Nimekuona umeuanika! Utafukuzwa na nyapara! Na mimi koo litaniwasha!"

Bi Zaituni alicheka mpaka akaegemea nguzo ya mlango, machozi yanamtoka, "Ya Rabi, mkonge, amesema mkonge." Kisha akajaribu kunieleza: unga wa ngano, kidude cha shaba, akanionyesha kidude chenyewe. Mimi nikakataa katakata. Nikamwambia neno ambalo mtoto yeyote angesema.

"Kama si mkonge, kula wewe kwanza."

Nakumbuka aliangalia mlangoni. Jua lilikuwa katikati, mwanga umekatika sawasawa kwenye kizingiti, na nje nilisikia kengele ya korona ya saa sita. Nilidhani anaangalia kama nyapara anakuja. Mimi nikasema moyoni, unaona, anaogopa, ni mkonge kweli. Nikafumba tena mdomo, na safari hii nilikuwa nimeamua.

"Leo mimi sifungi," akasema Bi Zaituni.

Akasema Bismillahi. Akachota kwa vidole vitatu, akatia mdomoni, akatafuna na yale meno yake, akameza. Akafungua mdomo akanionyesha ulimi. "Umeona? Nawashwa? Najikuna?"

Nikachota na mimi. Sasa nitasema nini juu ya ladha ile. Mdomo ulikuwa umekauka kama gunzi, na kitu kile kikaingia kitamu, kina mafuta, kinateleza chenyewe. Nilikula kwa mikono yote miwili. Kila nilipopunguza mwendo, yeye alichota tonge moja, ili nione tunakula wawili, na mimi nikachota ili asinimalizie. Tulimaliza sahani. Kisha akaninywesha uji na maji na kunilaza, na kuanzia kesho yake akawa ananiita kila adhuhuri na kunisimamia nikila. Yeye hakula tena. Niliuliza, "Leo unafunga?" Akajibu, "Leo nafunga." Na mimi sikuona ajabu yoyote.

Idi ikafika. Nikavaa gauni langu moja nikasimama barabarani kungoja lori, maana Bi Zaituni alisema yangu ilitosha na ilizidi. Nilisimama toka asubuhi. Lori likaja saa tisa limepakia magunia ya posho. Nililizunguka mara mbili. Dereva akaniambia, "Unatafuta nini, mdogo wangu?"

Nikaenda moja kwa moja kwa Bi Zaituni. Uani kumejaa wageni, wanawake wamevaa khanga mpya, udi unanukia. Nikasimama katikati yao nikamnyooshea kidole.

"Wewe ndiye uliyenilisha! Mama hakuja kwa sababu yako!"

Mwenzenu nilisema hivyo. Mbele ya wageni wake, siku ya Idi, kwa mwanamke yule. Wakasema huyu mtoto hana adabu, mwingine akasema mchape. Bi Zaituni akasema, "Mwacheni. Ananidai huyo." Akanipakulia pilau kwenye sahani akaifunika, akanipa mkononi. Nikaipeleka mpaka kwenye kona, nikawamwagia mabata wake.

Baba alipoikuta sahani ya watu ndani, tupu, akaniuliza, na mimi nikamwambia yote, kuanzia saumu. Baba hakunipiga. Alikaa kitandani akainamisha kichwa kwa muda, kisha akatoka kwenda kutafuta mapera, maana sahani ya jirani hairudishwi tupu. Alizunguka nayo siku kadhaa mpaka akapata mazuri. Akaniambia, "Nenda ukamwombe radhi."

Nikaenda mchana. Bi Zaituni yuko uani anachambua mchele. Nikaweka sahani, maneno ya radhi yakanikwama. Badala yake nikachukua pera lililoiva kuliko yote nikampa.

"Weka hapo mama. Nitalila jua likizama."

"Umefunga? Si Idi imepita?"

"Nina siku yangu moja."

Nikamtazama. Kambi nzima inakula, mabata wanakula, yeye midomo imekauka. Nikamuuliza, "Unamfungia nani?"

Mikono ikasimama kwenye ungo. Aliniangalia mpaka nikaona aibu. "Unataka nimfungie nani?"

"Mama."

"Basi," akasema, "ndiye huyohuyo," akarudi kwenye mchele wake.

Nilikaa mlangoni kwake kama askari kuanzia hapo mpaka magharibi. Mwanamke mmoja akapita akamkaribisha muhogo wa kuchoma, nikamfukuza. "Usimpe! Anamfungia mama yangu!" Kila nilipogeuka, Bi Zaituni alikuwa ameinamia ungo, mabega yanamtikisika, sikujua kama anacheka. Jua lilipozama nilimpa pera kwa mkono wangu.

Mama alirudi. Sikujua siku, hakuna aliyeniambia, mahindi yalikuwa yanachomwa na mimi nilikuwa na gunzi mdomoni. Lori likasimama akashuka, amenenepa usoni, nywele zimenyolewa fupi, khanga haiko tena mdomoni. Alinyoosha mikono. Na mimi, niwaambie ukweli, sikumkimbilia yeye kwanza. Nilikimbilia makuti ya Bi Zaituni nikipiga kelele, "Imekubaliwa! Bi Zaituni, imekubaliwa hiyo!" Akatoka mbio, unga mpaka kwenye viwiko. Mama akanibeba, akamwambia, "Bi Zaituni, umenilelea mtoto." Bi Zaituni akasema, "Alinisumbua kula, huyu." Basi. Hakuongeza kitu. Mwaka uliofuata baba alipata kazi Korogwe tukahama, na Bi Zaituni sikumwona tena.

Hayo nilimwambia Ibu, kwa mdomo wa Neema. Tambi zilikuwa zinapoa. Neema alianza kutafsiri harakaharaka kama anayetaka kumaliza, kisha akapunguza mwendo, kisha pale penye "kula wewe kwanza" akasimama kabisa, akaniangalia, akasema kwa Kiswahili, "Na akala?"

"Akala."

Ibu alikuwa ameshavuta kiti amekaa. Aliposikia ile siku moja baada ya Idi, alitikisa kichwa kabla Neema hajamaliza. Alisema, siku hulipwa kwa siku. Hiyo ilikuwa siku ya tambi.

Nikamwambia Neema amwambie kwamba hilo nimeliona sasa hivi, hapa, kwenye meza yake, nikiwa na meno ya bandia. Kwamba mtoto alimshukuru Bi Zaituni kwa kumleta mama, kila siku mpaka tukahama. Kwa siku yake aliyoivunja hakumshukuru, na alimtukana mbele ya wageni.

Ibu akauliza tena jina lake. Akasema jua likizama, kabla ya kula tende, kuna nafasi ya kuomba, na angependa kumtaja.

"Zaituni," nikasema.

"Zaitun," akasema yeye. Akasema shangazi yake anaitwa hivyohivyo. Akauliza binti wa nani, nikafungua mdomo nikakuta sijui. Miaka yote ile nilikuwa binti wa Mbena kwake, na yeye kwangu alikuwa Bi Zaituni tu. Ibu akasema haidhuru, anayeombwa anamjua.

Kisha akainuka, akagonga ukingo wa sahani yangu kwa kidole, akasema kitu kifupi kikali. Sikuhitaji Neema anitafsirie. Nikavua koti, nikavuta sahani karibu, nikala.